Maswali ya Wasomaji: Watoto, bembea na ziwa sikukuu za Krismasi

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo moja: jinsi ya kuwatoa watoto kwenda kubembea, kuruka na kuogelea hapa Mwanza kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Tumechagua sita.

Shikamoo mhariri. Tuko tisa, watu wazima wanne na watoto watano, mdogo kabisa ana miaka 3. Tunataka siku moja yenye michezo na maji. Twende tarehe ngapi, na tuanze na nini? — Mama wa watatu, Buhongwa

Marahaba, mama. Tarehe 25 mchana iacheni. Watu wakishatoka kanisani na kula nyumbani, kuanzia alasiri wanamiminika viwanjani, na foleni ya bembea moja inaweza kumaliza hamu yote ya mtoto. Tarehe 26 nayo ni sikukuu, kwa hiyo msongamano ni ule ule. Mkiweza, chukueni siku ya kazi kati ya tarehe 27 na 31. Kama ruhusa ya kazini haipatikani, nendeni 26 lakini muwe getini saa 3 asubuhi.

Michezo ya kuruka na kuzunguka iwe ya kwanza, tumbo likiwa jepesi na viti vya plastiki havijapata moto. Kuleni saa 6. Disemba hapa Mwanza jua hufika juu kabisa karibu saa 7 kasorobo, kwa hiyo kuanzia saa 6 hadi saa 9 watoto wawe kivulini: walale, wacheze karata, wasuke nywele. Maji yaje baada ya hapo. Saa 11 jioni anzeni kufunga mizigo, maana jua huzama muda mfupi kabla ya saa 1 na kupata daladala yenye nafasi ya watu tisa wakati huo ni shida.

La muhimu kuliko ratiba ni kugawana watoto kabla hamjatoka nyumbani. Mmoja akae na yule wa miaka 3 tu. Mmoja awaangalie waliomo majini, simu ikiwa mfukoni. Mmoja ashike mizigo na pesa. Wa nne apumzike. Badilishaneni kila nusu saa, na anayepokea zamu aseme kwa sauti, "Sasa ni mimi." Mkisema tunaangalia wote, kila mmoja hudhani mwenzake ameona.

Nitajuaje kama lile jumba la kuruka linalojazwa upepo ni salama kabla sijalipia? Na bembea? — Baba Pacha, Igoma

Kaka, lizunguke jumba lote kwanza. Upande wa mbele una rangi na muziki. Habari yenyewe iko nyuma na pembeni, kwenye kamba.

Hesabu mahali lilipofungwa chini. Zinatakiwa nanga zisizopungua sita, kila moja ikiwa na kigingi cha chuma cha urefu wa sentimita 38 kilichozama karibu chote ardhini, na kamba iliyokazwa. Mwanza ni mji wa mawe: viwanja vingi vina udongo kidogo juu ya mwamba, kigingi kinaingia nusu kisha kinagoma. Kikiwa kimesimama nje kiasi cha kiganja, au unaweza kukitikisa kwa mkono, ondoka na wanao. Pakiwa na sakafu ya saruji, uzito wa kila nanga unatakiwa kuzidi kilo 160. Kiroba kimoja cha mchanga kila kona hakifai kitu.

Upepo wa kilometa 38 kwa saa ndio mwisho. Huhitaji kipimo: miti midogo yenye majani ikianza kuyumba yote, watoto washuke. Mchana upepo wa ziwa hushika kasi, na jumba lililotulia saa 4 asubuhi linaweza kuanza kunyanyuka kona saa 9 alasiri.

Kisha muulize msimamizi swali moja: "Umeme ukikatika utafanya nini?" Majumba haya hayafungwi upepo ndani kama mpira, feni huendelea kupuliza muda wote, na ikizimika kuta zinaanza kulala. Anayeijua kazi yake atakujibu papo hapo kwamba anasimama mlangoni na kuwatoa watoto wa mbele kwanza, na jenereta iko pale. Anayekujibu "haukatiki" hana mpango. Kanyaga pia godoro la mlangoni kwa mguu mmoja. Unyayo ukigusa ardhi, upepo hautoshi.

Majeraha mengi humo hutokana na kuanguka na kugongana. Mtoto wa miaka 12 akimwangukia wa miaka 4, ni mkono au mguu kuvunjika. Kwa hiyo wadogo waingie kwa zamu yao, na mzazi asiingie kuruka nao, kwa sababu uzito wake humrusha mtoto juu kuliko anavyoweza kujimudu. Viatu, miwani, hereni na vibanio vya nywele vibaki kwako, na pipi itemwe kabla ya kuingia.

Kwenye bembea, angalia kulabu za minyororo: ziwe zimefungwa kabisa, bila mwanya. Vua mtandio, skafu au kofia yenye kamba, kwani ikinasa inakaba shingo. Hatari nyingine ni ya mtoto anayepita mbele ya bembea inayokwenda, basi wanaosubiri wakae hatua tatu pembeni.

Tena jambo ambalo wazazi wengi hulifanya kwa mapenzi mema: kumpakata mtoto mdogo na kuserereka naye kwenye slaidi. Mguu wake ukikwama pembeni, uzito wako unaendelea kushuka, na mfupa wa muundi unajipinda hadi kuvunjika. Akiwa peke yake mguu ukikwama, anasimama tu. Kama hawezi kushuka peke yake, hiyo slaidi si ya umri wake.

Mwangaluka. Wajukuu zangu wameomba wanyama badala ya bembea. Kisiwa cha Saanane kinawafaa watoto wa miaka 4 hadi 10? — Bibi, Pasiansi

Mwangaluka, bibi, na shikamoo. Kinafaa sana, na ni karibu. Saanane ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Ina kilometa za mraba 2.18 tu, hivyo hata mjukuu wa miaka 4 anaweza kuona mengi bila kubebwa sana. Boti huondokea upande wa Capri Point na safari ni ya dakika chache. Watawaona swala pala, pundamilia, tumbili na pimbi wanaoota jua juu ya mawe.

Chini ya miaka 5 halipiwi kiingilio, na kuanzia 5 hadi 15 ni kiwango cha watoto. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo muwe na salio kwenye simu. Msitegemee noti mkononi. Chakula kiwe kwenye kikapu chenye kifuniko. Tumbili huiona ndizi mbali, na mtoto aliyeishika ndiye anayeparuliwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, basi ibaki nyumbani.

Kwenye boti, jaketi okozi la mtoto lijaribiwe hivi: lifunge vifungo vyote, kisha lishike mabegani ulinyanyue. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini litamponyoka. Omba dogo lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Asilivue hadi mguu uguse nchi kavu. Viatu viwe vya kufunga, kwa sababu mawe ya kisiwani ni moto mchana na yanateleza mvua ikinyesha.

Watoto wa dada yangu wanatoka Dodoma, wanataka kuoga ziwani tu. Nasikia kichocho. Je, tukichagua ufukwe wenye mchanga safi tuko salama? — Mjomba, Kirumba

Mjomba, mchanga safi unapunguza hatari, hauiondoi. Konokono wanaobeba kichocho wako wengi kwenye maji yaliyotulia, penye majani na magugu maji, na pale watu wanapofulia. Ila Ziwa Victoria lina pia aina ya konokono wanaoishi sakafuni kwenye maji ya kina, hivyo hata ufukwe usio na unyasi mmoja unaweza kuwa na vijidudu.

Vijidudu hivyo hutoka kwa konokono zaidi jua likiwa kali, kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri, na hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kuaminika. Njia ya uhakika ni bwawa la kuogelea lenye dawa, nayo hoteli kadhaa za ufukweni zinayo. Siku za sikukuu lipime kwa macho: simama ukingoni, na kama huoni vizuri tundu la kutolea maji sakafuni, watu wameizidi dawa, usiwaingize. Maji ya ziwa ya kunawia au ya beseni la kuchezea yakikaa kwenye tangi lisilo na konokono kwa siku mbili, vijidudu hivyo huwa vimekufa. Hayo bado si ya kunywa.

Wakishaingia ziwani, usikimbilie duka la dawa kesho yake. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo yake iliyokomaa mwilini, michanga huiacha. Pelekeni choo kupimwa wiki ya 6 hadi ya 8 tangu waoge. Walioingia tarehe 26 Disemba wapimwe kati ya tarehe 6 na 20 Februari, na kwa kuwa watakuwa wamerudi Dodoma, mwandikie dada tarehe hizo na umwambie amweleze daktari kwamba waliogea Ziwa Victoria. Huku pwani ya ziwa kichocho kilichoenea ni cha matumbo. Asisubiri kuona damu kwenye mkojo. Mtoto akipata homa, mwasho au kikohozi wiki chache baada ya safari, apelekwe mapema zaidi.

Kichocho kina dawa. Kuzama ndiko kunakotutia hofu zaidi. Mtoto anayezama hapigi kelele wala kupunga mikono. Anasimama wima majini, kichwa kimelalia nyuma, mdomo unapanda na kushuka usawa wa maji, na ndani ya dakika moja ameshatoweka. Mwangalizi awe umbali wa kumfikia kwa mkono yule asiyejua kuogelea. Mapulizo ya plastiki na matairi yasiingie ziwani asubuhi: saa hizo upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na pulizo huondoka na mtoto juu yake.

Beba dumu tupu la lita 5, kifuniko kimekazwa, na kamba ya mita 10 iliyofungwa kwenye mpini wake. Likirushwa linamfikia anayezama na kumwelesha, wewe ukiwa umesimama nchi kavu. Akitolewa na hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlazeni chali, mpeni pumzi tano za mdomo kwa mdomo, kisha mibonyezo 30 katikati ya kifua na pumzi mbili, mfululizo, huku mwingine akipiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Pilau nililobeba mwaka jana lilichacha kabla ya saa 8. Nilikosea wapi? — Mama Kijacho, Nyegezi

Dada, kuna uwezekano mkubwa lilipikwa usiku, likaachwa sufuriani hadi asubuhi, likapashwa kidogo na kufungwa. Wali ulioachwa katika uvuguvugu huota vijidudu ambavyo sumu yake haifi hata ukiupasha tena. Pika asubuhi. Jaza hotpoti maji yanayochemka kwa dakika 10, yamwage, upakie pilau likiwa linafuka moshi, hadi juu, na usilifungue mpaka wakati wa kula. Kachumbari ikatwe huko huko. Kilo moja ya mchele inatosha watu saba au wanane wenye njaa ya bembea.

Kama safari ni ndefu, chapati, viazi vya kuchemsha, karanga na sato aliyekaangwa akakauka vinavumilia zaidi. Maji: lita moja na nusu kwa mtu mzima, lita moja kwa mtoto. Gandisha chupa mbili usiku uzipange katikati ya matunda. Na wewe mwenyewe, kwa hali uliyo nayo, bembea za kuzunguka na majumba ya kuruka uyaache mwaka huu.

Mtoto akipotea kwenye umati, tuanzie wapi? Na radi ikianza? — Dada Mkubwa, Mkolani

Asubuhi mpige kila mtoto picha akiwa na nguo za siku hiyo, viatu vionekane. Andika namba ya simu kwa peni ya wino usiofutika ndani ya mkono wake. Mfundishe kwamba akipotea asimame pale pale, au aende kwa mkata tiketi au mama mwenye watoto. Akipotea kweli, na kuna maji karibu, anzeni na maji. Bwawa, gati, ufukwe. Mtu mmoja abaki mlipokuwa mmekaa, mwingine aende getini na ile picha. Vibanda vya pipi vitafuata baadaye.

Radi ikisikika hata mara moja, wote watoke majini, kwenye boti na juu ya mawe, waingie kwenye jengo lenye kuta au gari lililofungwa vioo. Chini ya mti au mwavuli wa ufukweni si mahali pa kujificha. Hesabuni dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho ndipo mrudi. Ikinguruma tena katikati, anzeni hesabu upya.