Barua kwa Mwalimu: Waliomlilia Lumumba

*Shikamoo Mwalimu. Kila kiongozi wa nchi ya mbali akipigwa risasi, naona watu wanalia na wengine wanashangilia, hali hawajawahi kukanyaga nchi hiyo. Babu anasema si jambo jipya, eti Lumumba alipouawa watu walivamia ubalozi mpaka Ulaya. Ni kweli? Na walikuwa wanamlilia nani, kama hawakumjua?*
*Mjukuu Mbishi*

Marahaba, mwanangu. Babu yako hakukudanganya, na ukimwona mwambie ameisahau New York.

Tuanze na tarehe, maana jibu lako limejificha humo. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipigwa risasi usiku wa Januari 17, 1961, nje kidogo ya Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Pamoja naye waliuawa Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Dunia haikuambiwa. Siku tatu baadaye John Kennedy aliapishwa kuwa rais wa Marekani, na magazeti yakaendelea kuuliza kama Lumumba, aliyekuwa ameshapinduliwa na kufungwa, anapewa chakula. Siku 27 zilipita hivyo. Februari 13 ndipo Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, alipowaita waandishi wa habari akawaambia kwamba wafungwa walitoroka, wakauawa na wanakijiji. Kijiji gani? Hakukitaja. Wamezikwa wapi? Hakusema.

Basi fikiria unaletewa tanzia ya namna hiyo. Nimewahi kukaa na wafiwa wengi, na najua msiba wenye maiti hutulia baada ya maziko, hata kama uchungu haujaisha. Msiba usio na maiti huzunguka ukitafuta mahali pa kutua.

Kesho yake ulitua Belgrade. Mkutano wa hadhara wa huko ulikuwa na baraka za serikali (Yugoslavia ya Tito haikuwa nchi ya kuandamana kwa hiari yako), lakini umati ulipofika ubalozi wa Ubelgiji, nchi iliyoitawala Kongo hadi 1960, ulikuwa umeshaponyoka mikononi mwa waandaaji. Watu waliingia ndani na kuharibu. Cairo nako ubalozi wa Ubelgiji ulichomwa moto. Huko angalau kulikuwa na uhusiano wa karibu: watoto wa Lumumba walikuwa wamekwisha kufichwa Cairo, baada ya baba yao kupanga watoroshwe miezi michache kabla. Kwa hiyo ukiniuliza kama watu wa Cairo walimjua, nitakwambia mji ulikuwa unawalea wanawe.

Sasa New York. Februari 15 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa likikutana, na balozi mpya wa Marekani, Adlai Stevenson, alikuwa akihutubia. Juu, kwenye viti vya wageni, walikaa watu wapatao 60, wengi wao Wamarekani weusi. Wanawake walikuwa na vitambaa vyeusi vya kujifunika nyuso, wanaume wamejifunga vitambaa vyeusi mikononi. Walikuwamo mwimbaji Abbey Lincoln, mpiga ngoma Max Roach na Maya Angelou, ambaye wakati huo alikuwa bado hajatoa kitabu hata kimoja. Stevenson akiwa katikati ya maneno yake wakasimama, wakapiga kelele, walinzi wakawarukia, ikawa ngumi na mateke katika nyumba ya amani.

Wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona Lumumba kwa macho. Lakini walichokiona kwenye habari ile walikijua tangu utotoni: mtu mweusi kachukuliwa na wenye bunduki, kisha unaambiwa alitoroka, au kijiji kilimuua, na usiulize zaidi. Nyumbani kwao Marekani walishazika watu kwa hadithi za aina hiyo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema walikuwa wanaigiza, na sikubaliani kabisa na magazeti ya wakati ule yaliyosema wametumwa na wakomunisti. Mtu hatumwi kulia kilio anachokijua.

Ralph Bunche, Mmarekani mweusi aliyekuwa na cheo kikubwa Umoja wa Mataifa na mshindi wa Tuzo ya Nobel, aliomba radhi kwa fujo zile. Mwandishi wa tamthilia Lorraine Hansberry akamjibu kupitia barua gazetini: yeye naye akaomba radhi, lakini kwa Bi Pauline Lumumba, mjane wa marehemu, na watu wa Kongo, kwa ajili ya huyo Dk. Bunche. Nimewasomesha wanafunzi historia kwa miaka 31 na sijaona jibu la kistaarabu lenye makali kama lile.

*Mwalimu, nina kitabu cha zamani cha marehemu baba. Kimeandika kwamba Lumumba aliuawa na wanakijiji alipokuwa anatoroka. Mbona toleo lililopita uliandika vingine?*
*Mtunza Vitabu*

Kitunze hicho kitabu, ndugu yangu, kwa sababu ni ushahidi wa jinsi uongo unavyosafiri. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliiandika hadithi hiyo ubaoni, wanafunzi wakainakili. Bado inanikera.

Hakukuwa na wanakijiji. Waliofyatua risasi walikuwa askari na polisi wa Katanga chini ya maofisa wa Kibelgiji, huku Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, na baadhi ya mawaziri wake wakishuhudia. Baadaye polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, alizifukua maiti, akazikatakata na kuziyeyusha kwa tindikali. Akabakiza meno. Mwaka 2001 kamati ya bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba nchi yao ilikuwa na dhamana ya kimaadili, na mwaka uliofuata waziri wa mambo ya nje, Louis Michel, akaomba radhi. Marekani nao walishaumbuka mwaka 1975, kamati ya Seneti ilipoeleza jinsi CIA, shirika lao la ujasusi, walivyopanga kumuua Lumumba kwa sumu. Sumu ilifika Kongo, ila haikutumika.

*Je, ni dhambi kufurahia kifo cha kiongozi wa nchi nyingine? Najiuliza kwa sababu nilifurahi juzi, halafu nikaona aibu.*
*Asiyetaka Jina*

Hiyo aibu uliyoona usiifukuze haraka. Dhambi waulize wenye elimu yao. Mimi nitakupa historia.

Wahenga walisema kifo cha wengi harusi, na kuna mahali kifo cha Lumumba kilipokelewa bila machozi. Agosti 1960 majeshi ya serikali yake yaliingia Bakwanga, Kasai ya Kusini, kuzima uasi wa Albert Kalonji, yakaua raia wengi wa Kiluba. Mtu aliyempoteza ndugu pale, ukimwambia Februari 1961 aje aandamane kwa ajili ya Lumumba, angekutazama tu. Nami nisingemlaumu. Mtu wa kumshangaa ni yule aliye mbali, asiyedaiwa wala kudai, anayeshangilia kwa kuwa kundi lake linashangilia. Wewe unajijua uko upande gani.

Lakini ona kilichofuata. Kutoka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kundi la wafuasi wa Lumumba, akiwamo Jean-Pierre Finant aliyekuwa gavana wa jimbo la Orientale, walipelekwa kwa ndege hukohuko Bakwanga, kwa watu wenye kisasi chao, wakauawa. Habari hiyo ikatoka Februari 20. Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, walikotawala wafuasi wa Lumumba, walijibu kwa kuwapiga risasi wafungwa 15. Wafungwa hao hawakumuua Finant. Walikuwa karibu tu.

Na hapa nawalaumu hata wale ninaowapenda. Belgrade walikuwa wameshatulia. New York hakuna aliyesimama tena kwa ajili ya Finant, wala wale 15. Hata Mpolo na Okito, waliokufa usiku uleule pamoja naye, ni wangapi walikuwa na majina yao midomoni? Umati hulilia jina moja kwa wakati mmoja.

*Mwalimu, makelele yote hayo ya 1961 yalisaidia nini?*
*Fundi Saa*

Swali la fundi, halina maua. Februari 21 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 161, likaruhusu nguvu itumike kama njia ya mwisho kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe, na likataka mauaji yachunguzwe. Siwezi kusema azimio lilitokana na zile ngumi za ukumbini. Wala uchunguzi wenyewe haukumfikisha mtu mahakamani. Moscow waliipa chuo kikuu jina la Lumumba siku iliyofuata, jambo lililowafaa Wasovieti kuliko lilivyomfaa marehemu, ingawa vijana wengi wa Afrika walipata shahada pale na mimi siwezi kuubeza mkate waliokula.

Malcolm X, mpigania haki za Wamarekani weusi, alimpa binti yake mmoja jina la Gamilah Lumumba. Kama unauliza kitu kilichodumu, anzia hapo.

Ila ninayemfikiria kila nikiulizwa swali hili ni Pauline Opango, mjane. Ipo picha yake ya Februari ile, anatembea katika barabara za Léopoldville kifua wazi, amenyoa nywele, wafiwa wakimzunguka. Alikuwa anakwenda kwa Umoja wa Mataifa kuomba jambo moja: apewe mwili wa mumewe amzike. Hakupewa, maana wakati huo mwili haukuwapo tena, na waliojua walinyamaza.

Juni 30, 2020 binti yake Juliana alimwandikia mfalme wa Ubelgiji kudai mabaki ya baba yake. Lilikuwa limebaki jino moja, ambalo polisi wa Ubelgiji walikuwa wamelichukua kwa binti wa Soete mwaka 2016. Familia ilikabidhiwa Brussels, Juni 20, 2022, jino likiwa ndani ya kijisanduku, kijisanduku kikawekwa ndani ya jeneza la ukubwa wa mtu. Likazikwa Kinshasa, mtaa wa Limete, Juni 30.

Pauline alikuwa amefariki Desemba 2014.