Jibu kwa dada wa Mbale: ngozi inayobaki baada ya kupungua kilo 48

Dada yangu wa Mbale, umeeleza kwamba miezi kumi iliyopita ulifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula kule Nairobi, umepungua kilo 48, na sasa ngozi ya tumbo, mikono na mapaja inaning'inia hata inakuletea vidonda kwenye mikunjo. Unataka yote yakatwe kwa mara moja ili uwe umepona kabla ya kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba, ya mdogo wako mwezi wa Desemba, na unauliza ujiandae vipi na utarudi kazini baada ya siku ngapi. Mimi si daktari, nina duka la vitambaa hapa Jinja, lakini njia hiyo nimeipita. Nilishuka kutoka kilo 121 hadi 74 kwa kubadilisha chakula baada ya kuambiwa nina kisukari, na miaka mitatu iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 44, nilikatwa ngozi ya tumbo na baadaye ya mikono.

Nianze na Desemba, maana hapo sikubaliani nawe. Aliyepunguzwa mfuko wa chakula huendelea kupungua kwa mwaka mzima au mwaka na nusu, kwa hiyo madaktari wengi husubiri ipite miezi 12 hadi 18, tena uzito uwe umetulia mahali pamoja kwa miezi mitatu hadi sita, ndipo wakubali kukata ngozi. Ukikatwa sasa, kisha ukapungua kilo kumi nyingine, ngozi italegea upya juu ya kovu ambalo umeshalilipia. Kuna na jambo la damu, ambalo watu hawalifikirii: sehemu kubwa ya damu inayokusanywa na benki ya damu ya Nakasero, Kampala, hutolewa na wanafunzi, na shule zikifungwa akiba hupungua. Likizo ya Desemba si wakati wa kujipeleka kwa hiari kwenye upasuaji mkubwa unaoweza kukuhitaji uongezewe damu.

Ninajua kinachokusukuma, kwa sababu kilinisukuma na mimi. Wazee wetu hawajasahau miaka ya 1980, wakati ukimwi uliitwa silimu kwa sababu ya jinsi ulivyokondesha watu, na mwanamke akishuka kilo arobaini mashavu yakalegea, wapo wanaoanza kumwombea bila kumuuliza. Jirani yangu aliniletea uji na kunishika mkono kwa huruma ambayo sikuihitaji. Nilitaka upasuaji uwe jibu langu kwa mtaa mzima, na kwa sababu hiyo nilikimbilia kwa daktari kabla mwili haujawa tayari. Alinipima damu, akanirudisha nyumbani.

Himoglobini yangu, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 9.8, chini ya inavyotakiwa. Daktari aliniambia kwamba mkato wa tumbo baada ya kupungua sana huzunguka kutoka nyonga hadi nyonga, na wakati mwingine huongezwa mwingine wa wima kutoka chini ya matiti, kwa hiyo ni jeraha refu linalohitaji damu ya kutosha na protini ya kutosha ili lifunge. Mtu aliyepungua sana mara nyingi ana upungufu wa vyote viwili bila kujua, hasa wewe uliyepunguzwa mfuko wa chakula, kwa kuwa unakula kidogo, na ufyonzaji wa madini ya chuma na vitamini B12 unaweza kuwa umepungua pia. Omba upimwe himoglobini, akiba ya chuma, B12, vitamini D, albumini, na kipimo cha sukari cha miezi mitatu. Vilevile upimwe selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kama hujawahi. Utafiti wa kitaifa uliofanywa kwa watoto wachanga hapa Uganda ulionyesha kwamba takriban 13 katika kila 100 wamebeba chembe hiyo ya urithi, wengi wao wakiwa na afya njema kabisa, na daktari wa nusukaputi anapaswa kulijua hilo kabla hujalala mezani.

Ilinichukua miezi mitatu na nusu kufika 12.6. Nilipewa vidonge vya chuma, lakini kosa kubwa lilikuwa jikoni kwangu: nilikuwa nakunywa chai pamoja na kila mlo, na chai huzuia chuma kilichomo kwenye chakula kisiingie mwilini. Nilikuwa pia na tabia ya kutafuna udongo, ambayo niliiacha kwa aibu baada ya daktari kuniuliza moja kwa moja. Upande wa protini niliambiwa nisishuke chini ya gramu 60 kwa siku, na nikiweza nikaribie 100. Usiogope hesabu hiyo: mayai mawili ni kama gramu 12, kipande cha samaki cha gramu 100 hutoa 20 na zaidi, kikombe cha maharage yaliyopikwa ni kama 15, na mukene (dagaa) wa kukaushwa ni protini tupu kwa bei ya maskini. Ila kwa mfuko wako mdogo, kula samaki na mayai kwanza, matoke yafuate kama nafasi imebaki. Ukianza na matoke utashiba kabla hujala kinachojenga ngozi.

Mengine ya matayarisho nitayapitia haraka. Sigara na shisha ziachwe angalau wiki nne hadi sita kabla na vivyo hivyo baada, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya damu na ngozi iliyoinuliwa inaweza kufa ukingoni. Mwambie daktari kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa kuwa vinaongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na upange naye njia nyingine mapema. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na dawa za mitishamba zitajwe zote, hata ile chupa ya shangazi. Na kama una keloidi, yaani kovu lililoota na kuvimba kupita jeraha, sikioni au kifuani, mwonyeshe. Kwa watu wa ngozi yetu ni hatari ya kweli, ingawa tumboni hutokea mara chache kuliko kifuani na mabegani.

Kuhusu daktari, thibitisha kwamba amesajiliwa na baraza la madaktari la Uganda kama bingwa wa upasuaji wa ngozi na urekebishaji, na kwamba leseni yake ni ya mwaka huu. Usimdharau kwa sababu kazi yake ya kila siku ni majeraha ya moto katika hospitali ya Mulago, au midomo iliyopasuka na makovu yaliyokaza viungo katika hospitali ya CoRSU kule Kisubi. Mtu aliyezoea kufunika majeraha ya moto anaijua ngozi kuliko mwenye picha nyingi za kabla na baada. Mwulize atakulaza usingizi kwa saa ngapi. Akikubali kirahisi kufanya tumbo, mikono na mapaja kwa siku moja, mimi ningeondoka, kwa kuwa kila saa inayoongezeka huongeza damu inayopotea, baridi ya mwili na hatari ya damu kuganda, na ukishatoka huko huna mkono wa kujiinulia wala mguu wa kusimamia. Wangu alifanya tumbo, akanipa miezi sita, ndipo akafanya mikono. Mapaja niliyaacha. Kovu lake hukaa kwenye kinena penye jasho na msuguano, na ni mahali panaposumbua kupona. Kwa ngozi inayofunikwa na gomesi, vazi letu refu la kike, nikaona haifai.

Sasa nyumba yako, na hapa ndipo ningependa mtu angeniambia mapema. Baada ya upasuaji wa tumbo utatembea umejikunja kama bibi kizee kwa wiki nzima au mbili, kwa kuwa ngozi imevutwa na, kama misuli ya mbele ilikuwa imeachana, nayo imeshonwa. Hutaweza kuchuchumaa. Kama choo chako ni cha shimo, mwite seremala akutengenezee kiti chenye tundu cha kuweka juu yake, tena akitengeneze kabla hujaenda hospitali. Mimi nilikikumbuka siku ya tatu, na sitaki kueleza siku hizo mbili za mwanzo. Kitanda kisiwe godoro la chini, na uwe na mito ya kutosha kuinua mgongo na magoti. Chandarua kichomekwe na mtu mwingine. Na jambo la kupiga magoti: mimi ni Mnubi wa Bombo niliyeolewa Busoga, na mamamkwe wangu hajawahi kusalimiwa na mkazamwana aliyesimama. Mume wangu alimweleza wiki mbili kabla, kwa upole, kwamba kwa wiki sita mkewe atasalimia akiwa kitini kwa amri ya daktari. Alinuna kidogo, kisha akawa yeye anayewafukuza wageni waliokuja bila taarifa.

Usirudi Mbale siku unayoruhusiwa kutoka wodini. Ni zaidi ya kilomita 200 za matuta na foleni ukiwa umekaa umejikunja, na kukaa hivyo kwa saa nyingi ndiko kunakogandisha damu miguuni. Tafuta ndugu Kampala ukae siku kumi hadi kumi na nne karibu na hospitali. Utasimamishwa utembee siku ileile au kesho yake hata kama unalia, na huenda ukapewa sindano za kuzuia damu kuganda. Ndama moja ikivimba na kuuma, au ukishikwa na pumzi ghafla au maumivu ya kifua, hata wiki ya tatu, nenda hospitali saa hiyohiyo, kwa gari na si kwa boda.

Utatoka na mipira miwili ya kutolea majimaji yanayojikusanya chini ya ngozi. Pima kila siku kwa kikombe chenye alama na uandike. Yangu ilitolewa maji yaliposhuka chini ya mililita 30 kwa siku, kwa siku mbili mfululizo, na hiyo ikawa siku ya tisa. Baada ya kutolewa, maji yalijikusanya tena mara moja nikahisi tumbo linacheza kama mfuko wa maji, daktari akayavuta kwa sindano, basi. Vazi la kubana utalivaa usiku na mchana kwa takriban wiki sita. Kwa joto la huku ni adhabu, kwa hiyo nunua mawili ili moja likauke.

Kilichonitesha ni pale mkato wa wima unapokutana na ule wa mlalo, chini ya kitovu. Siku ya kumi na mbili paliachia kama upana wa vidole viwili. Nilipiga simu hospitali nilikokatwa, wakaniambia nisubiri miadi yangu baada ya siku sita. Sikusubiri, nikaenda na kukaa kwenye benchi mpaka daktari mwenyewe akatokea. Sehemu hiyo ndiyo hupata damu kidogo kuliko zote na kuachia hapo si ajabu, lakini si jambo la kukaa nalo nyumbani. Nilisafishwa na kufungwa upya kwa wiki tano na pakaziba penyewe. Shangazi alikuja na maji ya mululuza, majani machungu ya kienyeji, ya kuoshea, nikamshukuru, nikayaweka kando. Homa nayo ilinipata mara moja, na kila mtu akasema malaria. Pima malaria, ndiyo, lakini jeraha lako liangaliwe siku hiyohiyo hata kipimo kikionyesha malaria.

Kazini: umesema unafundisha. Anayekaa mezani anaweza kurudi baada ya wiki mbili hadi nne, lakini mwalimu husimama na kuandika ubaoni, kwa hiyo omba wiki sita. Ndani ya wiki hizo usiinue kitu kizito kuliko dumu la lita tano, na watoto wakupandie kitandani badala ya wewe kuwanyanyua. Uvimbe huchukua miezi, kovu hubadilika rangi kwa mwaka mzima au zaidi. Mimi nilitumia karatasi za silikoni kwa miezi mitatu baada ya jeraha kufunga kabisa, na limebaki mstari mweusi mwembamba isipokuwa pale palipoachia.

Kwa Desemba, vaa gomesi. Kikoyi cha ndani na mshipi mpana vitabana kila kitu, hakuna atakayejua. Mikunjo ioshe asubuhi na jioni, ikaushe vizuri kwa kitambaa laini, uweke kipande cha pamba safi katikati, na vidonda visivyokauka vitibiwe kwanza, kwa kuwa hakuna daktari mwenye akili atakayekata juu ya fangasi.

Nilisahau ganzi. Ngozi ya chini ya kitovu itapoteza hisia kwa miezi mingi, na yangu haijarudi yote mpaka leo. Mwezi wa nne niliinama kugeuza chapati, tumbo likaegemea ukingo wa sigiri, na sikujua chochote mpaka niliposikia harufu ya nguo. Lengelenge lilikuwa kubwa kama sarafu ya shilingi 500. Fundi wa mtaani alinijengea kimeza cha matofali, sigiri ikapanda juu yake, nikaacha kuinama.