Maswali ya Wasomaji: Begi Mgongoni, Amani hadi Maziwe

Tuko marafiki sita, Majengo, Moshi. Tumeshakodi Noah kuanzia Ijumaa ya mwisho wa mwezi: siku mbili msitu wa Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki, siku mbili Pangani ili tufike kisiwa cha Maziwe. Mpango umekaa sawa?

Mmepanga kwa kufuata mshahara. Maziwe hupangwa kwa mwezi wa angani. Kile tunachokiita kisiwa leo ni fungu la mchanga. Mivinje yake iliondoka na bahari miongo kadhaa iliyopita, na sasa maji yakijaa, fungu lote linazama. Hutoka maji yakipwa.

Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya pwani ya Tanga hupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Kila siku hupwa takriban dakika 50 baadaye kuliko jana yake. Mkitoka Ushongo, kijiji cha pwani kusini ya Pangani, asubuhi mnalikuta fungu limeanika mgongo, mnaogelea kwenye matumbawe, na mnarudi kabla maji hayajapanda. Juma la maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hupwa kidogo tu, tena jioni karibu saa kumi. Hapo mtarudi na upepo na giza. Kabla ya kutoa pesa mwulizeni nahodha swali moja: maji yanapwa saa ngapi? Akisitasita, tafuteni mwingine.

Siku ya Maziwe ikishapatikana, hesabuni kurudi nyuma. Maziwe ikiwa Jumapili, Jumamosi mlale Ushongo, Alhamisi na Ijumaa mlale Amani, basi Moshi mnaondoka Alhamisi alfajiri. Moshi hadi Tanga ni kama kilometa 350 za lami, lakini msipige hesabu ya kilometa 100 kwa saa. Same, Hedaru, Mombo na Korogwe kote kuna vibao vya 50 na trafiki wana tochi za kupima mwendo. Mnachepuka Muheza. Kutoka hapo barabara ina sehemu za udongo hadi Sigi, lilipo geti la hifadhi, kisha inapanda kwa kona hadi Amani. Ikishafika saa kumi jioni mkiwa bado Muheza, laleni Muheza.

Machi hadi Mei achaneni nayo, ni masika. Juni hadi Agosti msitu unapitika, ila upepo wa kusi huchafua bahari. Septemba na Oktoba, kabla vuli haijakolea, ndizo tunazozipendelea.

Noah itapanda Amani kweli?

Kukiwa kukavu, itapanda taratibu. Mvua ikinyesha usiku, iacheni Sigi mpande kwa miguu. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa huwa kama sabuni: hujaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa kipara, na Noah nyingi husukumwa na tairi mbili tu.

Ikikwama, kosa la kwanza ni kukanyaga mafuta. Tairi linajichimbia kaburi na gari linalalia tumbo. Shusheni abiria na mizigo, chimbeni tope lililo mbele ya tairi linalosukuma (jembe dogo lisikosekane), tandikeni gunia la katani likiingia chini ya tairi lenyewe, kisha dereva aondoe gari kwa gia nzito na mguu mwepesi. Wanaosukuma wasisimame nyuma ya tairi, maana gunia hurushwa kwa nguvu. Magunia mawili yanatosha, nayo hayali nafasi. Msikate matawi ya kutandika. Ile ni hifadhi.

Kwenye mchanga wa pwani mambo ni kinyume: punguzeni upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi kama 20, na mjaze tena kabla ya kurudi lami. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata moto na kupasuka. Kwa hiyo bebeni pampu.

Nina vifaa vyangu vya kupandia Kilimanjaro. Vitatosha? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Begi litatosha, vingi vya ndani viache nyumbani. Koti la manyoya na buti la ngozi ni vya baridi kavu. Amani kuna unyevu, ngozi haikauki na siku ya tatu inaota ukungu. Jinzi vilevile. Pita soko la Memorial, Moshi, tafuta kwenye mitumba jezi za mpira na suruali nyepesi za polista. Ukizikamua usiku, asubuhi zinavalika. Soksi ziwe ndefu, suruali iingizwe ndani yake. Siafu hawabishi hodi.

Kifuniko cha mvua cha begi hakitoshi, kwa sababu maji huteremka mgongoni na kuingilia kwenye mikanda. Weka nguo ndani ya mfuko usiopitisha maji: toa hewa kwa goti, kunja mdomo mara tatu, ndipo ubane. Ukikunja mara moja tu, unavuja kwenye mashua. Uzito wote usipite kilo 12. Mpagazi wa Kilimanjaro hupimiwa kilo 20 getini, lakini wewe si mpagazi. Na ukitoka baharini, suuza zipu kwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo chumvi itazigandisha.

Je, malaria?

Ipo, Muheza na pwani yote. Anayeishi miinuko ya Kilimanjaro na Meru mwili wake haujajenga kinga dhidi ya malaria, hivyo ikimpata humwangusha vibaya. Zungumza na mfamasia kuhusu dawa ya kinga kabla ya kuondoka, na ulale ndani ya chandarua hata kwenye hema. Dalili huweza kuanza siku ya saba baada ya kuumwa na mbu, au wiki kadhaa baada ya kurudi. Homa yoyote safarini au baada ya kurudi, nenda ukapime siku hiyohiyo na mwambie daktari kwamba ulikuwa Tanga.

Tukishafika Pangani, tuvuke na mashua hadi Unguja?

Hapana, kama chombo hakina usajili wa abiria na jaketi la kuokolea kwa kila kichwa. Boti kubwa za Dar es Salaam ni safari ya saa mbili hivi. Beba kitambulisho, tiketi haikatwi bila hicho.