Si Lazima Ufumbe Jicho Lako

Waliosema ukienda kwa wenye chongo fumba lako jicho hawakukosea. Mgeni mwenye adabu hufuata utaratibu wa wenyeji, na mtu anayeingia kila mahali akitaka mambo yapinduliwe ili yamfae yeye ni mzigo tu. Ninayemhurumia ni yule aliyefumba jicho siku ya kwanza kwa adabu, akakaa hivyo miaka na miaka, na sasa hajui tena kama jicho lenyewe bado linaona. Amesomea alichoambiwa asomee. Ameoa au kuolewa pale watu walipoanza kuuliza. Anacheka utani usiomchekesha, na ukimuuliza anapenda nini, anakutajia wanachopenda wenzake.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa niwe makamu mkuu wa shule, nikakataa. Sikuwa na ugomvi na mtu, wala sikuwa nimepata kazi kwingine. Napenda darasa. Napenda ile dakika ambayo mtoto aliyekuwa amenuna, anatafuna mwisho wa kalamu, anainua kichwa ghafla na kusema "aaa, kumbe!", halafu anafuta harakaharaka alichoandika ili aandike upya kabla wazo halijamponyoka. Makamu hafundishi, au akifundisha ni vipindi viwili vitatu ambavyo kila mara anaitwa nje. Hilo nililijua kwa kuwatazama waliotangulia.

Nilitarajia kupingwa, na hakuna aliyenipinga. Shinikizo la jamii ni nadra kuja na sura ya amri. Huja kama swali, kama huruma, kama utani. Mwenzangu mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama naumwa. Mwingine alisema mbele ya watu, akicheka, kwamba kuna watu bahati ikiwagongea mlango wanajifanya hawapo nyumbani. Kisha shangazi yangu akapiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia umekataa ukubwa."

"Ni kweli, shangazi."

"Kuna mtu kakukwaza huko?"

"Hapana. Napenda kufundisha tu."

"Sasa watu wakiniuliza, mimi niwajibu nini?"

Hapo kwenye swali la mwisho ndipo penye mzigo wote. Shangazi hakuwa na shida na kazi yangu. Alikuwa anawaza atakavyosimama mbele ya watu wake. Ukijifunza kusikia hivyo, hasira inapungua, kwa sababu anayekusukuma mara nyingi naye kuna anayemsukuma kwa nyuma. Nikamwambia, "Wajibu kwamba anapenda darasa." Akanyamaza kidogo, akasema "Haya." Baada ya hapo aliuliza tena na tena, na kila mara nilimpa sentensi ileile, bila kuiongezea wala kuipunguza.

Kabla sijaeleza kwa nini, acha niseme kinachotufanya tufuate mkumbo hata pale macho yetu yanapotuambia vingine.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch, aliyekuwa akifundisha katika Chuo cha Swarthmore nchini Marekani, alitoa matokeo ya jaribio lake maarufu. Wanafunzi waliketishwa pamoja chumbani wakaonyeshwa mstari mmoja, kisha mingine mitatu, wakaulizwa ni upi kati ya ile mitatu unaolingana na ule wa kwanza. Jibu lilionekana waziwazi, na mtu akijibu peke yake ilikuwa nadra sana kukosea. Ila katika kila kundi mwanafunzi mmoja tu ndiye hakujua kinachoendelea. Wengine wote walikuwa wamepangwa. Katika raundi 12 kati ya 18 walitaja kwa kauli moja jibu la uongo, huku yule mmoja akisubiri zamu yake ya karibu na mwisho. Takribani theluthi moja ya majibu ya waliojaribiwa yaliwafuata wengi kwenye uongo huo. Robo tatu yao walifuata angalau mara moja.

Wengi wakisimulia habari hii huishia hapo, wakasikitika jinsi binadamu alivyo dhaifu. Mimi naona wanaacha sehemu tamu kuliko zote. Asch aliendelea kubadilisha jaribio lake. Alipomweka chumbani mtu mmoja wa kusema kweli, mmoja tu, kufuata uongo kulishuka hadi karibu robo ya kulivyokuwa. Hata yule wa pekee alipotoa jibu baya kuliko la wengi, bado alisaidia, kwa kuwa umoja ulikuwa umekwisha kuvunjika. Na waliporuhusiwa kuandika majibu yao kwenye karatasi badala ya kuyatamka, walifuata wengi mara chache zaidi. Maana yake macho yao hayakuwa na kasoro yoyote. Walichokwepa ni ule upweke wa kuwa sauti moja.

Hayo nimeyaona kwa macho yangu kwenye kikao cha walimu. Ililetwa hoja kwamba madarasa yote yafanye mtihani kila wiki. Ukizunguka meza ulisikia "sawa", "sawa", "hakuna shida". Nikatazama jinsi watu walivyokuwa wakiitamka hiyo "sawa" huku macho yakiwa kwenye daftari. Ilipofika kwangu nikasema, "Mimi sijashawishika. Nani atasahihisha, na saa ngapi?" Kukawa kimya. Mtu mmoja alikuwa anabonyeza kalamu yake, ta-ta, ta-ta, hadi nikatamani kumnyang'anya. Kisha mwalimu wa biolojia, mtu ambaye vikao vizima hupita bila kufungua mdomo, akasema taratibu, "Hata mimi nilikuwa najiuliza." Baada yake wakafuata wengine, na hoja ikarudishwa ikafanyiwe kazi upya. Tulipotoka, watu kadhaa walinishika mkono koridoni wakiniambia nimesema yaliyokuwa mioyoni mwao. Nilifurahi, lakini nilijiuliza pia: kama wote tulikuwa tunawaza hivyo, zile "sawa" zilikuwa za nani?

Wanasaikolojia Deborah Prentice na Dale Miller walilichunguza jambo la namna hii katika Chuo Kikuu cha Princeton, wakachapisha matokeo yao mwaka 1993. Waliwauliza wanafunzi maoni yao kuhusu desturi ya unywaji wa pombe chuoni, kisha wakawauliza wanadhani mwanafunzi wa kawaida ana maoni gani. Kwa wastani wanafunzi hawakuwa wameridhika na unywaji ule kama walivyodhani wenzao wameridhika. Kila mmoja alikuwa anawaiga watu ambao nao walikuwa wanaigiza.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu ujasiri. Tafuta mtu mmoja. Usitafute kundi, wala wafuasi, wala watu wa kukupigia makofi mtandaoni. Mmoja ambaye unaweza kumwambia "mimi hili silitaki" akakusikiliza bila kukurekebisha. Humpati kwa kusubiri ajitokeze, kwani naye anasubiri wewe ujitokeze. Sema kidogo, mahali salama, usikie kitakachorudi. "Hivi wewe hujawahi kuchoka na haya mambo?" ni swali dogo sana, na limewahi kunipa rafiki wa kweli. Kuna nyakati hakitarudi kitu, au utarudishiwa kicheko. Basi umejua, na hujapoteza mengi.

Sasa nije kwenye ile sentensi niliyompa shangazi. Watu wengi wanaposhinikizwa huanza kutoa sababu. Leo unasema hujawa tayari, kesho unasema afya haijakaa vizuri, keshokutwa fedha. Unadhani unajikinga, kumbe unawapa wenzako orodha ya vitu vya kutatua. Ukisema tatizo ni fedha, mtu mwema atakutafutia fedha, na akizipata utabaki huna pa kujificha. Sema jambo lenyewe, fupi, na uliseme vilevile kila ukiulizwa. Mwaka 1969 mwanasaikolojia Serge Moscovici na wenzake walionyesha makundi ya watu sita slaidi za rangi ya bluu. Wawili kati yao walikuwa wamepangwa waseme ni kijani. Wale wawili walipong'ang'ania kijani kila slaidi, asilimia 8.42 ya majibu ya wengine nayo yakawa kijani. Walipoyumba, mara kijani, mara bluu, idadi ilishuka hadi asilimia 1.25. Najua mfano wenyewe una kichekesho, maana hao wawili walikuwa wanasema uongo. Lakini kama msimamo usioyumba unaweza kuuuza hata uongo, fikiria unavyoweza kukisaidia kitu cha kweli.

Na usiseme kwa ukali. Sauti ikipanda, mjadala unahama kutoka kwenye uamuzi wako unakwenda kwenye tabia yako, na hapo utashindwa tu.

Lakini kitu gani hasa kinastahili kupiganiwa? Hapa huwa nabishana na vijana wanaonifuata kwa ushauri, kwa sababu wengi wameaminishwa kwamba kuwa wewe mwenyewe ni kukataa kila kitu. Mtu akivaa nyeusi kwa kuwa wote wamevaa nyeupe, bado wale wa nyeupe ndio wanaomchagulia nguo. Kipimo ninachotumia ni hiki: kama hakuna mtu hata mmoja angejua, si wa kunisifu wala wa kunilaumu, ningefanyaje? Ujiulize ukiwa peke yako, simu ikiwa mbali, na usilikimbilie jibu la kwanza. Kuna mambo niliyodhani ni msimamo wangu, nikayapima hivyo, nikayakuta ni ubishi mtupu. Nikayaacha yaende.

Kwa hiyo mimi nakubali mengi. Kikao kikitaka suti, navaa suti. Wakitaka tuimbe, naimba, ingawa sauti yangu haimfai mtu. Mwaka 1958 mwanasaikolojia Edwin Hollander aliandika kwamba mtu hujijengea akiba ya imani kwenye kundi lake kwa kufanya kazi yake vizuri na kuheshimu taratibu, na akiba hiyo ndiyo humruhusu baadaye kwenda kinyume bila kutupwa nje. Naona ni kweli kabisa. Nilipokataa ule ukubwa, hakuna aliyeweza kusema ni uvivu, maana vipindi vyangu walivijua. Mtu anayegoma kwenye vitu vidogo kila siku humaliza akiba yake kabla jambo kubwa halijafika.

Kuna pia watu ambao ushauri wa "simama na ukweli wako" ni hatari kwao, na anayeutoa kiholela sina hamu naye. Kama unaishi chini ya paa la mtu anayeweza kukufukuza usiku, au anayekulipia masomo, au anayeinua mkono, kukaa kimya kwa sasa ni akili. Weka akiba, maliza masomo, pata pa kulala, hakikisha kuna mtu mzima mmoja anayejua hali yako. Ukweli wako hautaoza kwa kusubiri. Wewe tu ndiye wa kupima ni lini ardhi iliyo chini ya miguu yako imekuwa ngumu, na asikuharakishe mtu asiyelala humo ndani.

Kwa wasio na hatari hiyo, gharama bado ipo na sitaificha. Wapo watakaoacha kukualika. Kuna rafiki tuliyezoeana sana ambaye baada ya uamuzi wangu alianza kuniongelesha kama mtu aliyekata tamaa ya maisha, na mazungumzo yetu yakafifia hadi yakabaki salamu za sikukuu. Ilinikera kwa muda mrefu. Sikumtafuta ili nimshawishi, na sikushauri umtafute wako. Mlango nauacha wazi, lakini simsimamii pale mlangoni.

Mitandao ya kijamii imeongeza jambo moja ambalo watangulizi wetu hawakuwa nalo: sasa unaweza kushinikizwa na watu usiowajua, kuhusu maisha wasiyoyaishi. Hili silipi muda mwingi. Nyamazisha, ondoka, lala.

Jambo la mwisho ni lile ambalo wanaopenda kuzungumzia msimamo hulisahau. Una ruhusa ya kubadilika. Ukishajulikana kama mtu wa aina fulani, hata wale waliokuunga mkono wataanza kukudai uendelee kuwa hivyo. Nafasi ya makamu ilipotangazwa tena hivi karibuni, mwenzangu alinipigia jicho akasema, "Wewe si tunakujua, hizo hutaki." Alisema kwa upendo. Ila nilijikuta naisoma ile karatasi ubaoni kuanzia juu hadi chini, na nikaichukulia kama ndiyo kwanza naiona. Nikajiuliza swali langu lilelile la kama hakuna angejua. Safari hii tena jibu likawa darasa. Kama lingekuwa tofauti, ningeandika barua ya maombi jioni hiyohiyo, na wale wa "si ulisema" ningewapa sentensi nyingine, fupi vilevile.