Wati za ndani, mwendo wa nje: maswali yenu kuhusu baiskeli

Kwenye baiskeli ya jimu nakwenda kilomita 35 kwa saa bila taabu. Nikitoka barabarani, 26 tu zinanitoa jasho. Nani mwongo?

Mashine. Baiskeli isiyosogea haina mwendo, kwa hiyo ile namba kwenye kioo imetungwa. Nyingi huhesabu mizunguko ya pedali na kuizidisha kwa kipimo alichochagua mtengenezaji, kana kwamba uko kwenye gia fulani, tambarare, bila chembe ya upepo. Ndiyo maana mashine mbili zilizopangwa bega kwa bega huweza kukupa kasi mbili tofauti kwa miguu ileile.

Achana na kasi, tazama wati, yaani kipimo cha nguvu unayotoa. Wati hutokana na vitu viwili kwa pamoja: unakandamiza pedali kwa nguvu kiasi gani, na zinazunguka haraka kiasi gani. Ukilegeza ukinzani, yaani ugumu wa kunyonga, na kuzungusha miguu kama cherehani, kioo kitakusifu kwa mbio huku wati zikiwa hazifiki hata 80.

Sawa, wati 200 ni kilomita ngapi kwa saa barabarani?

Hili ndilo mnaloniuliza kuliko yote, na haliwezi kujibiwa bila kwanza kuuliza barabara gani na umekaaje. Tuchukue mtu na baiskeli yake, jumla kilo 80, lami nzuri ya tambarare, hewa imetulia, tairi zimejaa sawasawa, mikono juu ya breki za usukani wa baiskeli ya mbio. Kwa hesabu yangu, wati 100 zitampeleka kama kilomita 25 kwa saa, wati 200 karibu 33, wati 300 karibu 38, na wati 400 kama 42.

Angalia hizo namba vizuri. Kutoka 200 hadi 400 umeongeza jasho maradufu, ukapata kilomita tisa tu. Mkosaji ni hewa. Nguvu unayohitaji kuipasua hupanda kwa mchemraba wa kasi: kasi ikizidi mara mbili, hewa peke yake inadai mara nane. Kwenye kilomita 33 kwa saa, zaidi ya robo tatu ya wati zako zinamezwa na hewa, na zinazobaki ni za msuguano wa tairi na mnyororo.

Kwa hiyo umbo la mwili linaweza kushinda miguu. Mtu yuleyule wa wati 200 akikaa wima kifua mbele atashuka hadi kilomita 29 hivi bila kupunguza juhudi hata kidogo. Mwendesha baiskeli wa mbio kutoka Italia, Filippo Ganna, alipomaliza kilomita 56.792 ndani ya saa moja mwaka 2022, alikuwa amejikunja mikono mbele ya uso, na tena ndani ya ukumbi usio na upepo. Ukijificha nyuma ya mgongo wa mwenzako unapata nafuu kubwa vilevile. Baiskeli ya jimu haijui lolote kati ya haya. Ukiinama, ukikaa wima, kwake ni mamoja.

Upepo ukinipiga usoni wakati wa kwenda, si utanisukuma wakati wa kurudi? Si ngoma droo?

Hapana. Chukua wati zilezile 200 na upepo wa kilomita 10 kwa saa. Kwenda utapata kama kilomita 27 kwa saa, kurudi kama 39. Kwa umbali wa kilomita 20 kila upande, hiyo ni kama dakika 44 za mateso na dakika 31 za raha. Wastani unakuwa chini kidogo ya 32, wakati bila upepo ungepata karibu 33. Unakaa muda mrefu zaidi kwenye upande mbaya.

Rafiki yangu ana kilo 95, mimi 60. Jimu ananizidi wati 40, mlimani namwacha. Inawezekanaje?

Mlimani kila wati hugawanywa kwa kilo. Wewe ukitoa 200 na yeye 240, kila kilo yako inabebwa na nguvu nyingi kuliko yake. Kwenye tambarare atalipiza.

Kwa nini wati 200 za ndani zinanimaliza kuliko wati 200 za nje?

Joto. Katika nishati yote mwili unayochoma, robo hivi au pungufu ndiyo inayofika kwenye pedali, na zilizobaki ni joto. Yaani wati 200 za pedali huja na wati 600 au zaidi za joto, na nje ule upepo uliokuwa ukiulaani ndio unaolibeba. Ndani, hewa inakukumbatia, moyo unapiga kasi zaidi kupeleka damu kwenye ngozi, na miguu inabaki na deni. Nilimaliza msimu mzima nikidhani nimezeeka, kumbe nilihitaji feni.

Kisha kuna mapumziko yasiyoonekana. Barabarani unaacha kunyonga kwenye mteremko, kwenye kona, unapofika makutano. Ndani hakuna mteremko.

Nitajuaje kama wati za mashine yangu ni za kweli?

Kuna mashine zinazopima nguvu kwenye pedali au mhimili wake, na nyingine zinazokisia tu kutokana na ukinzani uliochagua. Namba za hizo za pili huwa hazibadiliki hata breki ya mashine inapochakaa, ila mguu wako utajua. Tumia mashine moja, ujilinganishe na wewe wa wiki iliyopita.

Kuna jaribio rahisi pia. Wati 200 kwa saa nzima ni kilojuli 720 za kazi, na mwili huchoma takriban kalori 690 hadi 860 kuzitoa. Mashine ikikuambia umetoa wati 200 kwa saa moja na ukachoma kalori 1,200, mojawapo ya namba hizo mbili ni porojo.