mail() imerudisha true, barua haijafika

Ndugu, umesema skripti yako ya PHP inapata true (yaani “ndiyo”) kutoka mail(), amri ya PHP ya kutuma barua pepe, lakini wateja wengine hawapati kitu. Hiyo true ina maana seva yako imeipokea barua, basi. Kufika ni habari nyingine. Kwenye kigezo cha tano cha mail() weka -f ikifuatwa na anwani unayoisoma kweli. Bila hivyo taarifa za barua zilizokwama huenda kwa akaunti ya seva ambayo hakuna anayeifungua. Ukiona kwenye taarifa hizo nambari ya kosa 550 5.1.1, anwani ya mteja haipo: iondoe kwenye orodha leo hii. Nambari ikianza na 4, mfano 421, subiri, seva itajaribu tena yenyewe. Na usitegemee kukagua tu kama anwani imeandikwa kwa muundo sahihi, maana hata gmial.com (gmail.com iliyokosewa) inapita vizuri kabisa. Anayejisajili mtumie kiungo cha kuthibitisha kwanza.