Klachi isiyolegea hata kidogo inakula pleti

Nilipoanza kuendesha pikipiki nilikuwa na tabia moja mbaya: leva ya klachi ikilegea kidogo tu, nakaza. Nilipenda niiguse kwa kidole na nihisi imeshakamata. Raha hiyo haikudumu. Siku moja nampandisha mtu mlima, nafungua mafuta, injini inalia kwa nguvu lakini mwendo ni uleule, na nyuma yetu inatufuata harufu ya kitu kinachoungua.

Fundi alipofungua kava la klachi alinionyesha pleti. Zile za chuma zilikuwa zimegeuka rangi ya buluu kwa joto, na zile za msuguano zimelika zikabaki nyembamba. Akashika leva, akaichezesha. Haikucheza. "Hii umeikaza mwenyewe?" Nikanyamaza.

Ndani ya klachi kuna springi zinazobana pleti zishikane ili nguvu ya injini ifike kwenye gia. Ukivuta leva, waya unazilazimisha springi ziachie. Sasa waya ukiwa umekazwa muda wote, ni kama unaendesha huku umeshika klachi nusu: pleti zinasuguana bila kushikana vizuri. Ndiyo maana leva lazima iwe na nafasi ya kulegea, ile ambayo mafundi wanaiita plei. Pikipiki nyingi hutaka milimita 10 hadi 20, ukipimia kwenye ncha ya leva. Kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, kisikilize chenyewe.

Ikilegea kupita kiasi nako kuna shida yake. Gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, pikipiki inataka kwenda ilhali umebana leva hadi mwisho, na nyutro unaitafuta hadi unakasirika.

Kurekebisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kwanza geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Plei ikibadilika sana, waya umepita vibaya au umebanwa mahali, na hapo usiguse nati yoyote kabla ya kuunyoosha. Halafu vuta raba ya kwenye leva, legeza nati ya kufungia, zungusha kirekebishi. Ukikitoa nje waya unakaza, ukikiingiza unalegea. Kikiwa kimetoka sana nje, usiendelee kukivuta. Kirudishe ndani karibu chote, kisha hamia chini kwenye injini, waya unapoishia. Pikipiki nyingi zina nati mbili pale, na spana ya 10 au 12 mara nyingi inatosha. Marekebisho makubwa yafanye kule chini, madogo umalizie kwenye leva.

Kuna kosa dogo ambalo watu wengi hulifanya: wanaacha mfereji wa kirekebishi ukiwa umelingana na mfereji wa kishikio cha leva. Waya unaweza kuchomoka hapo, na maji ya mvua yanapata mlango. Geuza kidogo visilingane, ndipo ukaze nati.

Kujaribu, tafuta barabara tambarare isiyo na watu. Ukiwa gia ya juu na mwendo wa wastani, fungua mafuta ghafla. Injini ikipanda bila pikipiki kuongeza mwendo, klachi bado inateleza.

Tangu siku ile, leva ikibadilika naangalia kwanza imebadilika kuelekea wapi. Waya ukivutika, plei inaongezeka. Pleti zikilika, katika pikipiki nyingi plei inapungua. Kwa hiyo ukiikuta leva inazidi kukaza na wewe hujagusa kitu, pleti zako zinaisha. Na kama plei iko sawa lakini bado inateleza, kumbuka oili uliyoweka mara ya mwisho. Klachi inayoogelea kwenye oili ya injini inahitaji yenye alama ya JASO MA au MA2, yaani kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, navyo huifanya iteleze. (Wenye klachi ya haidroliki hawana waya wa kukaza, waangalie kiwango cha maji yake.)

Ukiona nyuzi za waya zimeanza kukatika karibu na kile kichwa chake kwenye leva, acha kurekebisha, nunua mwingine. Ukishaufunga, pima plei tena baada ya siku chache, maana waya mpya huvutika zaidi mwanzoni.